Maji ya kisima, samadi na Shangi: shajara ya msimu mmoja Dagoretti

Novemba 30

Karatasi ya majibu ya maji nimeipokea leo Kabete, nikaisoma mara tatu ndani ya matatu kabla sijafika Dagoretti. Kisima cha mzee mwenye shamba, kile kirefu cha pampu ya umeme, kina kipimo cha chumvi cha desisimensi 1.2 kwa mita. Mwongozo wa FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, wa mwaka 1985 kuhusu ubora wa maji ya kilimo unasema kiazi kikinyweshwa maji ya hadi 1.1 mavuno hayapungui. Yakifika 1.7 unapoteza sehemu moja ya kumi, yakifika 2.5 unapoteza robo. Kwa kipimo hicho peke yake, tumepita mstari kidogo sana. Ndivyo alivyotuambia fundi aliyekuja mwezi uliopita na kipimo cha mfukoni: alikichovya kwenye ndoo, akasoma, akasema maji ni sawa.

Shida iko kwenye safu za chini za karatasi. Sodiamu ni milikwivalenti 11 kwa lita. Kalisi na magnesi zikijumlishwa ni 1 tu. Bikabonati ni 9. Hapo nilishtuka. Bikabonati ikizidi kalisi na magnesi kwa zaidi ya 2.5, maji hayo huhesabiwa kuwa hayafai kumwagilia kwa muda mrefu, na yetu yamezidi kwa 8. Bikabonati huinasa kalisi kidogo iliyopo na kuigeuza chokaa isiyoyeyuka, kisha sodiamu inabaki peke yake na kukamata punje za udongo. Udongo ulioshikwa na sodiamu hutawanyika ukilowa na hugandana ukikauka, na maji yanakosa pa kupita.

Nimekokotoa uwiano wa sodiamu dhidi ya kalisi na magnesi, nikapata 15.6. Katika jedwali lile la FAO, uwiano wa kati ya 12 na 20 pamoja na chumvi iliyo chini ya 1.3 huwekwa kwenye safu ya hatari kubwa ya udongo kuziba. Maji yangekuwa na chumvi nyingi zaidi, udongo ungeziba kidogo zaidi. Inachukua muda kulizoea wazo hilo, lakini ndivyo udongo ulivyo: chumvi kiasi huzishikanisha punje, maji yasiyo na chumvi huziachanisha.

Floraidi nayo ni miligramu 4 na ushee kwa lita, wakati kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni 1.5. Viazi haviisumbukii sana. Wajukuu wa mzee ndio walionijia akilini, maana wanakunywa maji hayo kila siku. Nimepita kwake jioni kabla ya kwenda nyumbani.

"Mzee, watoto wanyweshe maji ya mvua yale ya tangi la paa. Ya kisima yaacheni kwa kufulia."

"Na kuchemsha je, mwanangu?"

Nikamweleza kwamba kuchemsha hakuondoi floraidi, kunaikoleza zaidi. Alinyamaza, kisha akamwita binti yake na kunitaka nirudie mbele yake.

Desemba 8

Mpango wa jaribio la viazi umekaa. Aina mbili za maji: ya kisima matupu, na mchanganyiko wa nusu kisima, nusu mvua kutoka bwawa letu la karatasi ya plastiki, ambalo mvua za vuli zimelijaza vizuri kutoka paa la banda la kuku. Aina nne za lishe: bila kitu, DAP (mbolea ya dukani ya nitrojeni na fosforasi) peke yake, samadi peke yake, na mseto wa nusu kwa nusu. Kila jozi inarudiwa mara tatu, kwa hiyo vitalu 24 vya mita 3 kwa 3. Kila kitalu kina matuta manne yaliyoachana sentimita 75, na mashimo kila sentimita 30, yaani miche 40.

Kwa nini tusitumie mvua tupu upande wa pili? Kwa sababu hatuna ya kutosha. Januari na Februari jua la hapa linavuta karibu milimita 5 kwa siku, na vitalu 12 kwa siku 90 vingehitaji karibu lita 49,000. Bwawa halifiki hapo. Na mkulima wa Nairobi mwenye kisima ana nafasi ya kuchanganya, si ya kuachana na kisima kabisa.

Ukichanganya nusu kwa nusu, chumvi inashuka hadi 0.6 na bikabonati iliyozidi inashuka kutoka 8 hadi 4. Uwiano wa sodiamu haushuki kwa nusu, kwa sababu hukokotolewa kwa kipeuo cha pili: unatoka 15.6 hadi 11 tu. Bado si maji mazuri. Yanatoka kwenye hatari kubwa na kuingia kwenye hatari ya wastani.

Vijana wanaonisaidia wameuliza kwa nini tusivute maji mtoni bure. Mto Nairobi unaanzia kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, na kabla haujatufikia huku umeshapokea mengi, yakiwemo ya vyoo. Kuna hilo, na kuna ugonjwa wa mnyauko wa bakteria. Shamba moja la juu likiwa na mnyauko, maji yanauteremsha kwa kila anayemwagilia chini yake, na udongo ukishaupata unakaa nao miaka. Sitaki hata ndoo moja ya mto huo karibu na mbegu yetu.

Desemba 15

Samadi ya kwanza tuliyoletewa na gari nimeikataa. Juu ilikuwa nyeusi, nikachimba kwa mkono hadi kwenye kiwiko, nikakuta udongo mwekundu na takataka za mbao, na katikati joto la kuchoma. Samadi isiyoiva ingeunguza mizizi. Tumepoteza siku moja na nauli.

Tumepata kwa Shosho, bibi wa jirani mwenye ng'ombe watatu wa kufugiwa zizini. Lundo lake limekaa tangu Julai, limegeuzwa mara kadhaa, linanuka kama msitu baada ya mvua. Ukilifinyanga linashikana, ukifungua kiganja linaachia. Kilo 162 zimetutosha: kilo 18 kwa kila kitalu cha samadi, sawa na tani 20 kwa hekta, na kilo 9 kwa kila kitalu cha mseto. DAP ni gramu 450 kwa kitalu, kile kiwango cha kilo 500 kwa hekta ambacho wakulima wa viazi wameambiwa miaka mingi, na nusu yake kwa mseto.

Samadi ya kuku tungeipata bure pale pale, lakini ina chumvi nyingi, na chumvi tunayo tayari.

Desemba 28

Tumepanda. Gunia moja la kilo 50 la mbegu ya kiazi aina ya Shangi iliyoidhinishwa limetosha na kubaki kidogo. Macho yalikuwa mafupi, manene, ya zambarau. Mbegu ya namna hiyo ukiigusa unajua itatoka. DAP tumeifunika kwa udongo kabla ya kuweka kiazi, kwa sababu mbolea ya chumvichumvi ikigusa kiazi moja kwa moja hukiunguza. Udongo ni mwekundu wetu wa kawaida wa upande huu, wenye kipimo cha asidi (pH) cha 5.4; namba ikishuka asidi inazidi. Udongo huu husifiwa kwa kustahimili sodiamu kuliko ule mweusi wa mfinyanzi wa Embakasi na Ruai, na mzee ana hakika hautaziba kamwe.

Januari 17

Miche imetoka karibu yote. Tofauti ya maji haionekani kabisa.

Januari 29

Lazima niandike jambo nisilolitarajia: vitalu vya kisima vimependeza kuliko vya mchanganyiko. Majani mapana, kijani kibichi, hasa kwenye samadi. Nadhani najua sababu. Udongo una asidi, na bikabonati inaipunguza pole pole kama mtu anayenyunyiza chokaa kidogo kila siku. Fosforasi iliyokuwa imenaswa na udongo mwekundu inaachiliwa kidogo. Mtu akikomesha jaribio leo angeandika kwamba maji ya kisima ni mbolea.

Vitundu vya mipira ya matone upande wa kisima vimeanza kuota ukoko mweupe. Nimetia tone la siki juu ya kimoja, kikachemka kwa povu dogo. Ni chokaa. Tumeviloweka vyote kwenye siki na maji usiku kucha, na tutafanya hivyo kila wiki mbili, kwa sababu kitundu kikiziba nusu, kitalu kinakunywa nusu na hesabu yote inaharibika.

Februari 6

Tuta la kitalu cha 11, DAP na maji ya kisima. Nimechuchumaa hapo karibu nusu saa. Juu kuna gamba jembamba kama ganda la yai, rangi yake imepauka kuliko udongo wa chini yake. Nikilibonyeza kwa kidole gumba linavunjika vipande vyenye kingo kali. Chini ya gamba udongo ulikuwa mkavu ingawa mipira ilikuwa imefunguliwa asubuhi hiyo hiyo. Maji yalikuwa yamekaa juu kidogo, yakateleza ubavuni mwa tuta, yakaishia kwenye mfereji.

Kitalu cha 12 kiko hatua mbili tu kutoka hapo: mseto, maji yale yale ya kisima. Gamba lipo, lakini limejaa nyufa ndogo na vipande vya majani ya samadi vimechomoza kama sindano. Nilichimba kwa mwiko nikakuta unyevu hadi sentimita 20, na mnyoo mmoja.

Nimemwita mzee aje aone. Akachukua kipande cha gamba, akakitia kwenye kikombe cha maji ya mvua. Tulisimama tukakitazama kikiyeyuka na kuwa wingu la rangi ya chai ya maziwa ambalo halikutua chini hata tulipoondoka. Kipande cha kitalu cha mseto kilikatika vipande, vikatua, na maji juu yake yakabaki karibu safi.

"Huu ni udongo wangu?" mzee akaniuliza. Amelima hapo tangu kabla sijazaliwa.

Februari 14

Mche mmoja kwenye kitalu cha 5 umenyauka mchana ukiwa kijani, bila manjano, bila baka. Nimekata shina karibu na ardhi na kulitundika ndani ya glasi ya maji safi dirishani. Baada ya dakika chache uzi mweupe wa maziwa ukaanza kushuka kutoka kwenye mkato, mwembamba, ukinyooka chini hadi kwenye sakafu ya glasi. Ni mnyauko wa bakteria. Vijana walikuwa wanauona kwa macho yao kwa mara ya kwanza, wakasogea wote.

Tumeng'oa mche na mingine miwili ya jirani yake, pamoja na udongo wa mizizi, tukavitia kwenye mfuko na kuvichoma mbali. Majembe tumeyaosha kwa dawa ya kufulia nguo yenye klorini. Mbegu ilikuwa na kibali na maji si ya mto, kwa hiyo nashuku viatu, maana wageni walipita wiki mbili nyuma wakitoka kwenye shamba lao la viazi. Nimeweka beseni la dawa langoni.

Februari 23

Nimegundua koki ya kitalu cha 17 iligeuzwa vibaya wakati wa kuosha mipira. Kwa muda wa siku tisa kitalu cha DAP cha mchanganyiko kimekunywa kisima kitupu. Nimekitoa kwenye hesabu. DAP ya mchanganyiko sasa itakuwa na vitalu viwili badala ya vitatu. Kijana aliyefunga koki alikuja mwenyewe kuniambia, na nimefurahi kwamba alikuja. Sasa kila koki ina rangi: nyekundu kwa kisima, nyeupe kwa mchanganyiko.

Machi 4

Viazi vinanenepa chini, na huu ndio wakati maji yakikosekana hasara hairudi. DAP ya kisima imerudi nyuma kabisa. Kingo za majani zimeungua, miche ni mifupi, na saa sita mchana inalegea hata kama mipira imefunguliwa. DAP ya mchanganyiko inasimama vizuri.

Nimekuwa nikijiuliza kama kinachoisaidia samadi ni udongo kupitisha maji au ni kitu kingine, na nadhani sijatenda haki nilipopanga jaribio. DAP ina nitrojeni 18 kwa mia, na fosforasi 46 kwa mia ikihesabiwa kama oksidi yake (P2O5). Potasiamu haina hata chembe, na kiazi ni mlafi wa potasiamu. Samadi ya ng'ombe inayo. Sehemu ya ushindi wa mseto inaweza kuwa ni potasiamu tu, inayoshindana na sodiamu kwenye mizizi. Msimu huu siwezi kuyatenganisha hayo mawili.

Kuna na jingine. pH ya uso wa udongo ikipanda, nitrojeni ya DAP iliyo karibu na uso hugeuka amonia na kupotea hewani. Maji hayo yanawanyima viazi kinywaji, na huenda yanawaibia chakula pia.

Machi 18

Mvua ya masika imefika jana usiku, kubwa, ya radi. Alfajiri nilikimbia shambani nikiwa na kandambili. Nilidhani mvua ingeokoa vitalu vya kisima kwa kusukuma chumvi chini. Imefanya kinyume. Maji ya mvua hayana chumvi, na yalipokuta udongo ulioshiba sodiamu, punje zilizokuwa zimeshikanishwa na chumvi kidogo ziliachiana. Mifereji ya DAP ya kisima ilikuwa imejaa maji mekundu hadi nusu ya tuta, na saa kumi jioni yalikuwa bado yapo. Mseto wa kisima ulikuwa na vidimbwi tu, vikakauka kabla ya saa nne asubuhi. Upande wa mchanganyiko haukuwa na dimbwi lolote la kuandika.

Tumechimba njia za maji kwa majembe mvua ikiendelea.

Machi 23

Tumekata majani ili maganda yakomae. Siku kumi na mbili za kusubiri.

Aprili 4

Mavuno. Mizani ya kuning'iniza chini ya mparachichi, na kila kitalu na gunia lake lenye namba. Nimeandika kila uzito mwenyewe, sikumpa mtu kalamu.

Wastani kwa kitalu cha mita 9 za mraba: bila kitu, kilo 9 kwa mchanganyiko na 8 kwa kisima. Samadi, 17 na 15.5. DAP, 21 na 14. Mseto, 24 na 20. DAP imepoteza theluthi nzima kwa sababu ya maji, mseto umepoteza sehemu moja ya sita. Samadi imepoteza kidogo kuliko zote mbili, ila haikuwa na nguvu ya kufika mbali tangu mwanzo. Mseto wa mchanganyiko ni kama tani 27 kwa hekta ukizidisha, lakini vitalu vidogo vinavyotunzwa kama mtoto huzaa kuliko shamba, kwa hiyo nisingemwahidi mtu tani hizo.

Viazi vya DAP ya kisima vilikuwa na vitone vyeupe vilivyofura kote kwenye ganda, vile vinundu ambavyo kiazi hupumulia vikishafunguka kwa kukosa hewa. Ukivibonyeza vingine vinatoa maji. Gunia moja kati ya matatu limeshaanza kunuka.

Na mseto nao haukutoka safi. Vitalu vyote vya kisima vina magaga, ile mikwaruzo ya kahawia kwenye ganda, na vyenye samadi ndivyo vimezidi. pH ya uso wa matuta hayo imepanda kutoka 5.4 hadi 6.7, na magaga hupenda udongo usio na asidi. Ndani viazi ni vizima, lakini mnunuzi wa soko la Wakulima akiona ganda hilo anakata bei kabla hujafungua mdomo.

Aprili 6

Mama anayeuza chipsi karibu na kituo alikubali kutupimia. Kabla ya kukaanga tuliyeyusha kilo 1 ya chumvi kwenye lita 9 za maji na kutumbukiza viazi kumi kutoka kila kundi. Vyenye wanga mwingi huzama, vyenye maji mengi huelea. Mseto wa mchanganyiko ulizama vyote kumi. DAP ya kisima ilielea saba.

Akakaanga bila kujua ipi ni ipi. Aliinua za DAP ya kisima kwa kijiko chake cha matundu, zikapinda. "Hizi wateja watanirudishia," alisema, akazitenga. Za mseto alizimimina kwenye karatasi na kuuliza kama tunaweza kumletea gunia kila wiki.

Aprili 12

Mzee amechagua viazi vya kula, Shosho amepata gunia moja kwa samadi yake, vijana wamegawana yaliyobaki. Hakuna kinachowekwa mbegu, kwa sababu ya ule mche wa kitalu cha 5.

Jasi, madini yenye kalisi, imeshanunuliwa, kilo 50, iko stoo. Itaingia kwenye nusu ya vitalu vya kisima kabla ya kulima tena ili kalisi iisukume sodiamu kutoka kwenye punje, na mvua hizi ziipeleke chini. Nimeongeza vitalu sita kwenye mchoro: DAP pamoja na potasiamu ya salfeti bila samadi, kwa maji yote mawili. Potasiamu ya kloridi ni rahisi zaidi dukani, lakini kloridi hupunguza wanga wa kiazi. Viazi haviwezi kurudi hapa mara moja, kwa hiyo tunaanza na maharagwe, na mchoro wa viazi unahamia kipande cha juu karibu na bwawa.

Asubuhi ya leo mzee alikuwa ameshika ufagio juu ya paa la banda la kuku, anafagia majani kwenye mfereji wa kuvunia mvua. Amesema anataka tangi la pili.